Noti ya Chini Haitaki Nguvu

Ukipita nyuma ya kanisa la chuo Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, utatusikia kabla hujatuona. Utaanza kusikia tarumbeta, maana hizo hazijui kujificha. Mwisho kabisa, ukitega sikio, utasikia sauti kama ya ng'ombe aliyeamshwa usingizini kabla ya muda wake. Usikimbie. Huyo ni mimi.

Napiga tuba. Niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu, nina miaka 22, na kwa umbo ni mdogo kiasi kwamba nikikaa na tuba mapajani, aliye mbele yangu anaona shaba na miguu miwili tu. Kila mara watu wananiuliza maswali mawili. La kwanza: "Dada, hilo dude unalibebaje?" La pili: "Pumzi unatoa wapi?" La kwanza nalijibu kwa kucheka. La pili ndilo limenifanya niandike, kwa sababu ndani yake kuna kosa lililonigharimu mwaka mzima, na naamini sisi tunaokwenda kuwa walimu tuko njiani kulibeba mpaka darasani.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba kitu kikubwa kikigoma, dawa yake ni kuongeza nguvu.

Kwa wasioijua, tuba si chombo cha kale. Ilisajiliwa Berlin mwaka 1835 na watu wawili, Wilhelm Wieprecht aliyekuwa kiongozi wa bendi za jeshi, na Johann Gottfried Moritz aliyekuwa mtengenezaji wa vyombo vya muziki. Wamisionari wa Kijerumani waliofika kwetu mwishoni mwa karne ya 19, Wamoravian kule Rungwe mwaka 1891 na Walutheri wa Leipzig kule Kilimanjaro mwaka 1893, walitoka kwenye makanisa ambako matarumbeta ni sehemu ya ibada kama ilivyo kwaya. Pwani nako watu waliziangalia bendi za gwaride za wakoloni wakatunga ngoma ya beni, na jina lenyewe linakuambia lilitoka wapi. Leo harusi inapita barabarani Dar es Salaam na matarumbeta juu ya gari, watu wanacheza, na hakuna anayeuliza vyombo hivi vilitoka wapi. Vimeshakuwa vyetu. Ndiyo maana naona tuna haki ya kuzungumza jinsi tunavyofundishana kuvipiga.

Niliingia bendi mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Tuba ilikuwa stoo haina mwenyewe, kwa hiyo nikapewa mimi niliyechelewa kuchagua. Noti za kati zilitoka ndani ya wiki mbili. Nikajiona nimeweza. Halafu tukafika kwenye noti za chini.

Tuba yetu, kama nyingi za bendi za makanisa, ni ya si bemoli na ina valvu tatu. Usipobonyeza kitu chochote unapata do. Ukianza kushuka kutoka do ya chini, ndipo mambo yanapoanza. Ti ilitoka kwa shida. La ilitoka siku moja, siku tatu ikagoma. So, ambayo kwenye nyimbo zetu ndiyo besi inayoegemeza wimbo mzima kabla haujarudi nyumbani, hiyo ilikuwa haitoki kabisa. Nilikuwa napuliza, inatoka hewa tupu "fuuu", halafu ghafla noti inaruka juu, inalia mahali ambapo haikuitwa. Kanisa zima linageuka.

Na kila nilipokosa, sauti moja ilitoka mbele: "Puliza kwa nguvu!"

Nikapuliza kwa nguvu. Nikakandamiza mausipisi mdomoni mpaka nikawa natoka mazoezini na duara jekundu usoni kama mtu aliyelalia kikombe. Nikaona nyota. Siku moja nilisikia kizunguzungu katikati ya wimbo ikabidi nikae chini. Noti ya chini haikutoka. Hukumu ikaja, tena kwa upole, na upole ndio ulioniuma: "Dada, tuba ni chombo cha watu wenye mapafu. Kwa nini usichukue alto?"

Nilikubali. Nataka hilo lieleweke. Sikubishana, sikulia, nilikubali kwamba mwili wangu ni mdogo na jambo limeisha. Nilipanga kumaliza ibada ya Pasaka kisha nirudishe tuba stoo.

Kilichonizuia ni mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kupiga besi kwenye bendi ya jeshi, aliyekuja kututembelea. Alinisikiliza nikikosa mara mbili, akanifuata mapumziko. Nilidhani anakuja na lile lile la mapafu. Badala yake akauliza swali ambalo kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kuuliza, hata mimi mwenyewe: "Mwanangu, tuba yenyewe umeikagua?"

Akanionyesha jaribio ambalo halihitaji hela. Unachomoa mrija wa valvu taratibu bila kubonyeza valvu yake, unasubiri kidogo, halafu unabonyeza. Kama valvu na mrija vinashika hewa vizuri, utasikia "pwap!" kama unafungua chupa. Usiposikia kitu, hewa imevuja. Mrija wa kwanza ukalia pwap. Wa pili pwap. Wa tatu kimya. Akaendelea kukagua, akafika kwenye koki ndogo ya kutolea maji. Kizibo chake kilikuwa kimeliwa kiasi kwamba unaona mwanga. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakipachika, akafunga, na mrija wa tatu akaupaka grisi.

Akasema, "Sasa tumeondoa kosa la chombo. Kosa litakalobaki ndilo lako, na hilo tutalifanyia kazi."

Wanaelimu wenzangu, sentensi hiyo ningetamani iandikwe mlangoni pa kila ofisi ya walimu.

Tundu dogo kwenye tuba linaumiza zaidi noti za chini kwa sababu noti hizo ndizo zinazotumia bomba refu zaidi na zinazotegemea hewa ndogondogo zote zibaki ndani. Tarumbeta ya kawaida ina bomba la karibu mita moja na nusu. Tuba ya si bemoli ina bomba la kama mita 5 na nusu kabla hujabonyeza chochote, na ukibonyeza valvu unaongeza bomba lingine. Kumbe ukipuliza do ya chini, midomo yako inatetemeka kama mara 58 tu kwa sekunde, na kwenye ile so ni kama mara 44. Mpiga tarumbeta akipiga si bemoli yake ya kati, midomo yake inatetemeka mara 466. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Midomo inayotakiwa kutetemeka polepole namna ile haiwezi kukazwa, na haiwezi kubanwa na mausipisi iliyokandamizwa kama muhuri. Ukikaza, inakimbilia mtetemo wa haraka zaidi, yaani noti inaruka juu. Ile ruka yangu iliyogeuza kanisa zima haikutoka kwenye upungufu wa nguvu. Ilitoka kwenye nguvu zenyewe.

Hewa nayo ni hivyo hivyo. Noti ya juu ya tarumbeta inataka hewa kidogo yenye msukumo mkali. Noti ya chini ya tuba inataka hewa nyingi yenye msukumo mdogo, pana na ya joto, kama unapopulizia kioo kifanye ukungu ukifute. Mtu akikuambia "kwa nguvu", mwili wako unaelewa "msukumo". Unakaza koo, unapandisha mabega, unabana tumbo. Umefunga kila mlango ambao hewa ilitaka kupita, halafu unashangaa haipiti.

Mzee alinipa kazi za kufanya kila siku, robo saa, si zaidi. Naziandika hapa kwa sababu najua kuna wapiga besi kwenye bendi nyingine wanaosoma gazeti hili na wanalala na duara jekundu mdomoni.

Imba kwanza. Kabla hujapuliza noti, iimbe kwa solfa. Ukishindwa kuisikia kichwani, midomo haitaipata kwa bahati. Sisi tuliokulia kwenye kwaya hapa tuna mtaji, tusiudharau.

Tumia irabu. Sema "tiii" uone ulimi ulivyopanda. Sasa sema "tooo". Ulimi umeshuka, meno yameachana, taya limelegea. Noti ya chini inakaa kwenye "o". Kiswahili kimetupa irabu safi tano, kumbe nazo ni zana za tuba.

Legeza katikati, shika pembeni. Kona za mdomo zinabaki imara ili hewa isivuje, ila katikati ya midomo pawe laini. Mausipisi iguse tu, isikandamize.

Anza bila ulimi. Toa noti kwa pumzi peke yake, "hooo", mpaka ijibu. Ikishajibu mara kumi ndipo urudishe ulimi. Ulimi unaweza kuficha midomo isiyo tayari.

Shuka ngazi, usiruke. Anza na noti inayokubali, ishikilie mpaka iwe nzuri, halafu telemka nusu hatua moja kwa pumzi ile ile. Uzuri wa noti ya juu ndio unaoubeba kwenda chini. Ukifika inapogoma, usipigane nayo. Rudi juu mbili, telemka tena.

Subiri. Hili nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonigusa kuliko yote.

Baada ya wiki tatu ile so ilitoka. Haikutoka kwa kishindo. Ilitoka chini, pana, mpaka benchi nililokalia likatetemeka, na mpiga ngoma akanigeukia bila kusema kitu. Mapafu yalikuwa yale yale.

Siku hizi mtu akiniambia habari za mapafu nina watu wawili wa kumjibia. Wa kwanza ni Arnold Jacobs, aliyepiga tuba kwenye okestra ya Chicago, Marekani, tangu 1944 hadi 1988. Huyu alikuwa na pumu, na kadiri miaka ilivyokwenda ujazo wa mapafu yake ulipungua sana, lakini wapiga vyombo vya kupuliza wa kila aina walimfuata awafundishe kupumua. Mafundisho yake kwa kifupi yalikuwa kwamba mpigaji aweke wimbo mbele kichwani, kisha aachie hewa, na mengine mwili utayapanga. Wa pili ni Carol Jantsch, aliyepata nafasi ya tuba kwenye okestra ya Philadelphia mwaka 2006 akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na ni mwanamke. Kwa hiyo ile "chukua alto, dada" inabidi itafutiwe sababu nyingine.

Kuna jambo jingine nililogundua baadaye, nikakasirika kidogo. Kwenye baadhi ya nyimbo kiongozi alikuwa ananiambia nishushe besi yote oktavu moja chini. Besi hiyo ilikuwa na fa. Sasa tuba ya si bemoli yenye valvu tatu, ukibonyeza zote tatu kutoka do ya chini, inashuka nusu hatua sita tu na kuishia pale katikati ya so na fa. Fa yenyewe haipo. Ili uipate unahitaji valvu ya nne, au uwe fundi mkubwa wa kuighushi kwa midomo. Yaani miezi yote ile nilikuwa nakaripiwa kwa noti ambayo chombo nilichopewa hakina. Na mimi nikaamini kosa ni mapafu yangu.

Sasa tuingie darasani.

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari. Kidato cha pili, darasa limejaa, madawati hayatoshi. Nilikuwa nafundisha kwa Kiingereza kama sera inavyotaka. Nikauliza swali, nikamwita msichana mmoja wa dawati la nyuma. Akasimama. Akafungua mdomo. Hakutoka na kitu. Nikamwambia, "Ongea kwa sauti!" Kimya. Nikamwambia tena, "Sauti!" Wenzake wakaanza kucheka. Nikasema, "Haya, kaa chini," nikamwita wa mbele aliyekuwa ananyoosha kidole mpaka anataka kupaa.

Somo likaendelea vizuri. Msimamizi wangu alikuwepo siku hiyo na alama alinipa nzuri.

Usiku nikiwa nimelala ndipo nilipojisikia. "Sauti!" "Puliza kwa nguvu!" Ni kitu kile kile. Niliyepigiwa kelele mwaka mzima nilikuwa nimesimama mbele na chaki nikipiga kelele ile ile kwa mtoto wa watu. Sikukagua chombo. Sikujiuliza kama swali alilielewa, kama lugha ndiyo iliyokuwa tundu, kama jibu analo ila kwa Kiswahili. Pengine nilikuwa namdai fa kwenye tuba ya valvu tatu. Na sikusubiri.

Kwenye kozi zetu za saikolojia ya elimu tunasoma habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyekaa madarasani miaka ya 1960 na 1970 akipima muda ambao mwalimu anasubiri baada ya kuuliza swali. Aligundua kwamba kwa kawaida mwalimu husubiri kama sekunde 1 tu, kisha anarudia swali, anamwita mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu walipojifunza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, wanafunzi wasiojibu wakapungua, na hata wale walioonekana wazito wakaanza kuchangia. Sekunde 3 tu. Tumeisoma, tumeijibia mtihani, tumepata alama zetu. Nani kati yetu aliihesabu darasani?

Tuba inakulazimisha kuihesabu. Sauti inasafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Ili tuba ikujibu, wimbi la sauti linatakiwa liende mpaka mwisho wa bomba na kurudi midomoni, kama mita 11 kwenye ile do, na zaidi kwenye noti za chini zaidi. Hiyo ni kama sehemu 3 za mia za sekunde. Ni kidogo mno, ila midomo inaisikia. Kwa muda huo mdogo midomo iko peke yake, inatetemeka bila msaada wa bomba. Mpigaji mwenye hofu akikuta ukimya huo anadhani amekosa. Anaongeza nguvu, na anaivunja noti iliyokuwa njiani kuja. Mpigaji aliyefundishwa vizuri anaendelea kutoa hewa ile ile kwa utulivu, na bomba linamjibu. Kadiri bomba linavyokuwa refu ndivyo jibu linavyochelewa, na kuchelewa huko hakumaanishi kwamba jibu halipo.

Yule msichana wa dawati la nyuma bomba lake lilikuwa refu. Mimi nikamfunga mdomo.

Najua watakaonipinga, maana wengine ni marafiki zangu na tumeshabishana kantini mpaka chai ikapoa.

Wa kwanza atasema: "Wewe unataka kudekeza watu. Wazee wetu wa bendi walipigiwa kelele, walichapwa hata fimbo, na wakawa mafundi." Ni kweli, wapo. Ila huyo anawahesabu waliobaki. Waliorudisha chombo stoo baada ya Pasaka hawapo kwenye picha ya bendi, hatuwajui majina, hatujui wangekuwa nani. Mimi nilibakiza wiki chache niwe mmoja wao. Njia inayofukuza watu kumi na kubakiza wawili, halafu inajisifu kwa wale wawili, haijafundisha. Imechuja tu.

Wa pili atasema: "Bila bidii hakuna muziki." Hapo tunakubaliana kabisa. Robo saa kila siku ni bidii. Kushuka nusu hatua moja na kurudi, wiki tatu, bila mtu wa kukupigia makofi, ni bidii kuliko kupuliza mpaka uone nyota mara moja kwa wiki. Tuba inataka hewa nyingi na kona za mdomo zilizosimama imara. Ninachopinga ni kukazana mahali pasipotakiwa kwa sababu aliye mbele hana maelezo mengine ya kutoa. "Kwa nguvu" mara nyingi ni neno la mwalimu aliyeishiwa.

Wa tatu, na huyu ndiye mgumu: "Darasa la watoto themanini utasubiri sekunde ngapi? Vipindi havitoshi, mtaala haujaisha, mtihani wa taifa unakuja." Kwake sina jibu rahisi. Kukosekana kwa madawati na walimu hakutatuliwi na utulivu wa mwalimu mmoja, na atakayesema hivyo anawaonea walimu. Ila nimepiga hesabu. Maswali kumi kwa kipindi, sekunde 3 kila moja, ni nusu dakika. Mimi nilitumia zaidi ya hapo kusema "Sauti!" na kusubiri darasa limalize kucheka.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na yote yanawezekana bila kusubiri bumu litoke.

La kwanza ni kwa bendi na kwaya zote za chuoni, pamoja na wizara inayoshughulikia michezo na burudani kwenye serikali yetu ya wanafunzi. Mwanzo wa kila muhula tuwe na siku moja ya kukagua vyombo kabla ya kukagua watu. Grisi, mafuta ya valvu, vizibo vya koki na jaribio la pwap. Gharama yake ni ndogo kuliko ya soda za kikao kimoja. Chombo kibovu kinavunja moyo wa mtu kwa miaka, na hakuna anayeandika ripoti.

La pili ni kwa viongozi wa bendi na wale wakongwe tunaokaa viti vya mbele. Tusimpangie mtu chombo kwa kumwangalia kifua, wala kwa kuangalia kama ni kaka au dada. Tumpe mwezi mmoja akiwa na maelezo sahihi na chombo kisichovuja. Akishindwa hapo, tuongee.

La tatu ni kwetu sisi wa elimu, hasa mnaokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka huu. Mtoto akisimama kimya, kabla hujamwambia apaze sauti, hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo. Kisha jiulize swali la yule mzee: chombo nimekikagua? Swali langu linaeleweka? Lugha anayo? Nimemwomba noti ambayo nilishampa njia ya kuifikia? Ukishaondoa makosa hayo, litakalobaki ndilo lake, na hilo mtalifanyia kazi pamoja.

Yule msichana sikumwona tena. Wiki iliyofuata kipindi changu kilihamishiwa mkondo mwingine, na siku ya mwisho nilipopita darasani kwao hakuwepo. Sijui kama anakumbuka. Huenda alishasahau siku ile ile, watoto wana ngozi ngumu. Mimi nakumbuka mdomo wake ulivyofunguka.

Jumamosi iliyopita tumepata kijana mpya wa mwaka wa kwanza anayetaka besi. Mwembamba, mrefu, anashika tuba kama amebebeshwa mtoto wa mtu mwingine. Akajaribu so ya chini. Ikatoka "fuuu". Akakunja uso, akajaza kifua, akakandamiza mausipisi, na nikasikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi ili amwambie lile neno.

Nikanyoosha mkono, nikasema, "Mwacheni kwanza." Tukakaa kimya wote. Akajaribu tena, ikagoma. Akajaribu ya tatu, nayo ikagoma. Nikamwambia arudi mpaka do, ashuke taratibu. Alifika la, ikalia kidogo, mbaya mbaya hivi, yenye mikwaruzo. Akacheka mwenyewe.

So bado hajaipata. Mazoezi ni Jumamosi hii, saa kumi jioni, nyuma ya kanisa. Koki nimeshaikagua.